Kumhudumia mgonjwa anayetumia lithiamu: kuanzia dozi ya kwanza hadi majibu ya damu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa zamu mbili na muuguzi mwenzangu aliyehamia wodi ya magonjwa ya akili akitokea wodi ya upasuaji. Aliniuliza kwa nini tunaihofia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo, kuliko haloperidoli, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, ilhali wagonjwa wanaoitumia wanaonekana watulivu. Hofu yenyewe inatokana na ufinyu wa nafasi iliyopo kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru: kwa matibabu ya muda mrefu hulengwa kiwango cha milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita ya damu, wakati mwingine hadi 1.0, na kinapofika 1.5 tayari tunazungumzia sumu. Pamoja na hayo, tangu daktari John Cade wa Australia alipochapisha mwaka 1949 taarifa ya wagonjwa wake waliotulia kwa dawa hii, imeendelea kuwa tegemeo la kuzuia ugonjwa wa bipola (wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) usirudi na kupunguza hatari ya mgonjwa kujiua, kwa hiyo hatuna sababu ya kuikimbia.

Hatua ya 1: Kagua faili

Majibu ya figo, chumvichumvi za damu (kama sodiamu na potasiamu), kalsiamu na tezi ya thairoidi yawepo kabla ya dozi ya kwanza, pamoja na uzito, na kipimo cha ujauzito kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Mwenye ugonjwa wa moyo apimwe pia umeme wa moyo. Pengo lolote liulizwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Panga saa ya dozi

Nikiulizwa maoni na daktari, mimi hupendekeza dozi moja ya usiku, saa 3, kwa sababu inarahisisha uchukuaji wa damu kesho yake asubuhi na mgonjwa huwa amelala wakati dawa iko juu kabisa katika damu. Vidonge vinavyotoa dawa polepole visipondwe wala kutafunwa. Vilevile usibadilishe vidonge kwa dawa ya maji kwa kudhani kwamba miligramu zinalingana, maana chumvi ya lithiamu iliyomo katika dawa ya maji kwa kawaida si ile iliyomo katika kidonge, na hesabu yake ni tofauti.

Hatua ya 3: Chukua damu kwa saa sahihi, katika chupa sahihi

Hapa ndipo nilipopoteza karibu siku nzima, na ndiyo maana nitakawia.

Tuanze na saa. Damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, na saa zetu zinatusaidia sana katika hili: aliyemeza saa 3 usiku hutolewa damu saa 3 asubuhi. Anayemeza mara mbili kwa siku azuiwe dozi ya asubuhi mpaka damu itoke, kisha apewe papo hapo, maana nimewahi kukuta dozi iliyozuiwa imesahaulika hadi jioni. Damu ikichukuliwa saa 4 baada ya dozi, kiwango kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ikichelewa hadi saa 18, kitaonekana kidogo, na kosa hili mimi naliogopa zaidi, kwa sababu daktari ataongeza dozi kwa mtu ambaye hakuihitaji. Baada ya kuanza dawa au kubadilisha dozi, subiri siku 5 hadi 7 ndipo upime, ili kiwango kiwe kimetulia. Mgonjwa akionyesha dalili za sumu, hata hivyo, pima mara moja bila kujali saa, na uandike kwamba damu haikuchukuliwa kwa saa ya kawaida.

Sasa chupa. Siku moja majibu ya mgonjwa wangu yalirudi yakisoma 2.6. Daktari wa zamu alisimamisha dawa, tukatundika dripu, tukaanza kupima mkojo kila saa na kuulizia nafasi ya kusafisha damu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani akicheza karata na mwenzake, mkono umetulia, akaniuliza, “Sista, mimi mzima, mbona mnanifunga na mpira?” Sikumsikiliza, kwa kuwa nilikuwa na karatasi ya maabara mkononi. Ilipita mchana ndipo mtaalamu wa maabara alipopiga simu na kuuliza swali moja: kizibo cha ile chupa kilikuwa cha rangi gani? Kilikuwa cha kijani. Ndani ya chupa ile mlikuwa na heparini ya lithiamu ya kuzuia damu isigande, yaani tulikuwa tumeiongezea damu lithiamu sisi wenyewe kisha tukashangaa kuikuta. Damu mpya, katika chupa ya kizibo chekundu, ilisoma 0.7.

Tangu siku hiyo ninashika mambo haya. Situmii chupa ya kijani kwa kipimo hiki, hata nikiambiwa kwamba ni ya heparini ya sodiamu, ambayo kwa kweli haina tatizo; rangi hufanana, na macho ya alfajiri hayasomi maandishi madogo. Rangi pia hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo soma lebo ya chupa kila bohari inapoleta aina mpya. Kama unajaza chupa kadhaa kwa mkupuo mmoja, ile nyekundu itangulie ya heparini, na kamwe usimimine damu kutoka chupa moja kwenda nyingine eti kuokoa sindano ya pili. Usidhani pia kwamba kujaza damu kidogo kutapunguza kosa: kiasi cha heparini ndani ya chupa hakibadiliki, hivyo damu ikiwa chache ndivyo kiwango cha uongo kinavyopanda. Kwenye lebo mimi huandika kwa kalamu saa mbili, ya dozi ya mwisho na ya kuchukua damu. Fomu ya kompyuta haina nafasi ya saa ya dozi, na siiamini kwa hilo.

Hatua ya 4: Mwangalie mgonjwa kabla ya kusoma namba

Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, kisha uilaze karatasi nyepesi juu ya vidole vyake. Mtetemo mdogo wa haraka, unaoitikisa karatasi kingoni tu, ni wa kawaida kwa wengi. Mtetemo mpana unaoidondosha karatasi, au unaomwagisha maji anapoinua kikombe, si wa kawaida. Mtembeze hatua kumi uone kama anayumba, kisha mzungumze umsikilize kama maneno yanaburuta. Kwa mtu aliyeitumia dawa miezi mingi, dalili hizi zinaweza kuja wakati kiwango bado kinasomeka vizuri, kwa kuwa dawa iliyozama katika ubongo haionekani yote katika damu.

Hatua ya 5: Maji, chumvi na dawa za jirani

Figo huishughulikia lithiamu kama sodiamu. Mwili ukipungukiwa na chumvi au maji, figo huvuta sodiamu kwa nguvu na lithiamu hurudi nayo. Kwa hiyo kuhara, kutapika, homa, jasho jingi au kuacha chumvi ghafla ni sababu ya kumjulisha daktari kabla ya dozi inayofuata. Anayekojoa sana na kunywa sana asinyimwe maji, hata kama anakuamsha usiku. Dawa za maumivu ibuprofeni na diklofenaki, na dawa za presha enalaprili, losatani na haidroklorothiazaidi, zote hupandisha kiwango. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli inatosha. Uliza hasa kuhusu vidonge alivyonunua mwenyewe, kwa sababu hivyo havimo katika faili.

Hatua ya 6: Ukishuku sumu

Zuia dozi, mwite daktari, chukua damu ya lithiamu, figo na chumvichumvi, pima dalili muhimu (mapigo ya moyo, presha, upumuaji na joto) na hali ya fahamu. Mkaa wa dawa, unaonyweshwa kunasa sumu tumboni, hauishiki lithiamu, kwa hiyo usipoteze muda kuutafuta. Dripu ya chumvi ikianza, sodiamu ipimwe mara kwa mara, maana figo zilizozoea dawa hii huenda zikamwaga maji matupu na sodiamu ikapanda. Akisafishwa damu, rudia kipimo saa 6 baadaye, kwa kuwa lithiamu iliyokuwa ndani ya seli hutoka na kupandisha kiwango upya, na damu hiyo ya marudio nayo iingie katika chupa ya kizibo chekundu.