Jinsi ya kufuatilia asili ya neno "cable-laying"

Kwenye hati za mikongo ya baharini ninazotafsiri, neno "cable-laying" halikosekani: ni ile kazi ya meli kushusha kebo hadi sakafu ya bahari. Kulifuatilia, mimi hupita hivi.

Hatua ya 1: Ligawe, uanzie mkiani. Kiingereza hapa kimetanguliza kinachotendwa, kitendo kikafuata, sisi tunageuza.

Hatua ya 2: Chukua "lay". Mswahili ana bahati hapa. Kiingereza cha kale kilikuwa na licgan, kulala, na lecgan, kulaza. Ni lala na laza zetu zilezile! Kebo basi hulazwa, haitupwi.

Hatua ya 3: Chukua "cable", na umeme uuweke kando kwanza. Nyuma yake kuna capulum ya Kilatini, kamba ya kufungia mnyama. Likapitia Kifaransa, na kwa mabaharia wa Uingereza likawa kamba nene ya nanga, yaani amari. Simu za maandishi, yaani telegrafu, zilikuta neno limeshazeeka melini. Agosti 1850 meli ndogo ya kuvuta, Goliath, ilishusha waya wa shaba kutoka Dover kwenda Ufaransa. Ulivikwa gutapercha tu, utomvu mgumu wa mti wa Kimalaya, bila kinga ya chuma, na haukudumu. Ule wa 1851 ulizungushiwa nyaya nene za chuma, zikasokotwa kama kamba, nao ukafanya kazi kwa miaka. Nahodha wa jahazi angeuona ule wa pili angeuita amari bila kuuliza.

Hatua ya 4: Tafuta kwenye vitabu vya zamani vilivyo mtandaoni. Weka alama za kunukuu, ujaribu kwa kistari na bila kistari. Halafu jihadhari na "cable-laid". Niliwahi kumwandikia mteja kwa mbwembwe kwamba nimelipata neno miaka mingi kabla ya telegrafu. Kumbe ni kamba! Katika ufundi wa kamba "lay" ni kusokota, na "cable-laid" ni kamba tatu zilizokwisha kusokotwa, zikasokotwa tena pamoja kuwa moja. Nililipa kwa aibu. Kwa hiyo fungua ukurasa wenyewe, usome sentensi ya juu na ya chini, na utazame mwaka uliochapwa kwenye kitabu, kwa kuwa ule wa matokeo ya utafutaji hukosea, hasa kwa majarida.

Hatua ya 5: Rudi kwenye tafsiri. Magazeti yetu huandika "kutandaza mkongo", na kwa habari za kawaida naliacha hivyo. Ila mkeka ndio unaotandazwa. Hati ikiwa ya mafundi, naandika kulaza.