Dansi ya Wakajuni nyumbani: anza na sufuria

Ukiandaa sebuleni dansi ya Wakajuni, watu wenye asili ya Kifaransa wa Louisiana, Marekani, gumbo, mchuzi mzito wa kwao, iive kabla wageni hawajabisha hodi, maana unga wake haukupi nafasi ya kwenda mlangoni. Kwa watu 10, kaanga kikombe 1 cha unga wa ngano katika kikombe 1 cha mafuta, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 30 hadi 45, mpaka rangi iwe ya chokoleti. Ukiona chembe nyeusi, unga umeungua: mwaga, uanze upya, kwa sababu uchungu ule hautolewi na kiungo chochote. Rangi ikifika, tia mara moja vitunguu, pilipili hoho na seleri. Ubaridi wake ndio unaozuia unga kuungua. Kisha supu ya kuku lita 3, nyama ya kuku na soseji za moshi. Nyama ikiiva, pakua na wali.

Kunja zulia. Soli za mpira hung'ang'ania sakafu na kuumiza magoti kwenye mizunguko. Viatu vya soli ya ngozi ni bora.

Muziki ni kodiani, fidla na pembetatu ya chuma. Changanya walsi (dansi ya mapigo matatu) na tustepu (dansi ya kasi zaidi), usipange za kasi tatu mfululizo, watu watakaa. Tustepu ya kuanzia: pembeni, unganisha, pembeni, gusa. Wote wazunguke kinyume cha saa. Wanaojifunza wacheze katikati, wasigongwe na wenye mbio. Watoto watandikiwe chumba cha ndani, kama ilivyokuwa desturi kule.