Jinsi ya kujua kama ngoma imebanwa kwenye masta (toleo la mwisho la wimbo kabla haujatoka)

Tafuta wimbo mmoja kwenye CD ya miaka ya 80, halafu tafuta remasta yake (masta iliyotengenezwa upya) ya miaka ya 2000, fungua zote mbili kwenye Audacity, ni programu ya bure. Usisikilize kwanza, we angalia tu mchoro wa sauti. Ile ya zamani kila kiki na snea (mapigo ya dramu) ina ncha yake, ile mpya mara nyingi ni bonge la tofali.

Imefikaje hapo? Sauti ya kidijitali ina dari, 0 dB (desibeli, kipimo cha sauti), hupiti. Sasa kila mtu anataka ngoma yake ikipigwa baada ya ya mwenzake isionekane dhaifu, na dari ni lilelile, kwahiyo wanakata zile ncha kwa limita, yaani kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango, halafu wanapandisha kila kitu kilichobaki. Mchezo wenyewe wa zamani, ulianza enzi za santuri na jukebox, ila kule sindano ilikua inaruka ukizidisha. Limita za kompyuta kama Waves L1 ya 1994 zikaondoa hiyo breki.

Sasa sikiliza, ila usiwe na haraka, maana sikio linadanganyika, chenye sauti kubwa kidogo tu linasema ndo kizuri. Chagua track zote mbili, nenda Effect, tafuta Loudness Normalization, weka -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) ili zote zilingane, ndo ucheze. Hapo ndo utasikia snea ya remasta haipigi tena, inasukuma tu. Bendi ya Metallica walipotoa albamu ya Death Magnetic 2008 mashabiki waligundua nyimbo zilezile ndani ya gemu la Guitar Hero zinapumua kuliko za CD, wakaanzisha hadi petisheni.

Kwa maprodyuza wa chumbani: Spotify kwa kawaida inashusha nyimbo hadi kama -14 LUFS, kwahiyo masta yako ya -7 inapunguzwa 7 dB na ncha ulishazikata bure. Weka mita ya Youlean, ipo ya bure, kwenye masta, acha true peak (kilele halisi cha sauti) -1 dB. Ila msikariri -14 kama sheria jamani, DJ anapiga faili lenyewe na hakuna wa kumshushia, mimi ngoma ya klabu naiachia kwenye -9 hivi, taarabu au akustika siigusi sana. Na ukilinganisha na ngoma ya mtu mwingine ishushe kwanza ilingane na yako, utajikuta unaipunguza limita mwenyewe.