Mpira wa kumwagilia: uchague vipi, uulaze vipi

Mkulima wa nyanya wa Magu au Sengerema, hapa mkoani Mwanza, akienda mjini kununua mpira wa kumwagilia, swali la kwanza huwa bei ya roli. Afadhali aanze kwa kuuliza umetengenezwa na nini, kwa maana rangi nyeusi huficha mengi.

Mipira na mabomba meusi mengi yanayouzwa kwa kazi hii ni ya polithini, plastiki itokanayo na gesi ya ethilini. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI, pasipo kukusudiwa, na kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa kufunika nyaya za umeme. Leo tunaiona kwenye matangi ya maji na hata kwenye fremu za vizimba vya sato Ziwa Victoria. Hainywi maji, haishiki kutu, na haidhuriwi na mbolea za chumvichumvi kama urea. Ile laini inajikunja kwa urahisi, ndiyo ya mipira ya matone, yaani ile yenye vitundu vinavyodondosha maji kwenye kila mche. Ile ngumu, inayoandikwa HDPE, ni ya bomba kuu litokalo kwenye pampu.

Adui yake ni jua. Mwanza tuko karibu na ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua letu halina mchezo. Polithini isiyo na kinga hukauka, hupasukapasuka na kuvunjika. Kinga ya kawaida ni masizi maalumu, kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5, yaliyochanganywa vizuri kiwandani. Tatizo ni kwamba hata takataka za plastiki zilizoyeyushwa upya hutiwa weusi, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Kwa hiyo muombe muuzaji kipande kidogo. Kitumbukize kwenye glasi ya maji na ukibonyeze mapovu yatoke. Polithini ni nyepesi kuliko maji, lazima ielee. Kikizama, ama ni PVC, plastiki nyingine iliyo nzito kuliko maji, ama kimejazwa chaki nyingi kuongeza uzito. Kikielea, bado kiangalie pale kilipokatwa: kisiwe na vitundu wala chembechembe, na unene uwe sawa kuzunguka. Kisha soma maandishi ubavuni mwa bomba. Bomba zuri limeandikwa kipenyo, aina na PN, yaani kiwango cha msukumo wa maji linachoweza kubeba. Bomba lisilo na maandishi yoyote mimi nisingelinunua, hata kwa nusu ya bei.

PN 10 maana yake linabeba msukumo wa bar 10 (bar ni kipimo cha msukumo) maji yakiwa na nyuzijoto 20. Yakifika 40, uwezo hushuka hadi takribani robo tatu, na bomba jeusi lililolala juani hufika huko haraka. Kupandisha maji mita 40 kutoka ziwani hadi shamba la mlimani ni bar 4 tayari, kabla hujahesabu msuguano. Basi lifukie bomba kuu ardhini, kina ambacho jembe halifiki.

Viungo ndipo wengi wanapoumia. Polithini haishiki gundi. Gundi ya PVC utaipaka, itakauka, na kesho asubuhi maji yatakuwa yanachuruzika palepale. Tumia viungio vya kukaza kwa mkono, au mwite fundi mwenye mashine ya kuunganisha kwa moto. Ukanda wa mpira wa baiskeli ni wa kuokoa jioni moja tu.

Tena, plastiki hii hurefuka sana kwa joto. Mpira wa mita 100 uliolazwa asubuhi kwenye nyuzi 20 utakuwa umeongezeka karibu nusu mita ukifika 50 mchana. Ukiufunga mchana ukiwa umenyooka kabisa, usiku utajikaza na kuchomoka kwenye kiungio. Ufunge asubuhi na mapema, uuache ulegee kidogo, ushikilie kwa vigingi.

Maji ya ziwa yana mwani, na matundu ya matone ni madogo. Weka chujio la meshi 120 (matundu 120 kwa kila inchi ya wavu) na ulisafishe kila siku ya kumwagilia. Mdomo wa mpira wa kuvutia maji ufungie boya, ukae chini kidogo ya uso wa maji, mbali na magugu maji na mbali na tope. Kila wiki fungua ncha za mistari maji yasukume uchafu nje. Ukiweka mbolea kupitia mfumo, usichanganye yenye kalisi na yenye fosfati kwenye tangi moja. Zinagandana na kuziba matundu.

Msimu ukiisha, toa maji, kunja mipira kwa duara pana na uitundike kivulini, juu, panya wasifike. Iliyochakaa isichomwe shambani wala kuachwa ufukweni. Kuna wanunuzi wa plastiki chakavu mjini, na huichukua ikiwa imepanguswa tope.