Kuongeza chumba England: anza kufuatilia cheti kabla msingi haujachimbwa

Familia inakua, au mama anakuja kutoka nyumbani kukaa nanyi, na jiko la nyumba mliyonunua halitoshi tena. Fundi anapatikana, mnaelewana bei, kazi inaanza. Karatasi hukumbukwa siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi anapouliza: cheti cha kukamilika kwa ujenzi kiko wapi?

Wengi wetu huchanganya mambo mawili. Kibali cha mipango miji, ile tunayoita planning, kinahusu ukubwa na mwonekano wa jengo. Nyongeza ya ghorofa moja nyuma ya nyumba mara nyingi haikihitaji, mradi isizidi mita 3 kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba ilivyojengwa mwanzo (mita 4 kwa nyumba isiyoungana na nyingine) na itimize masharti mengine. Kanuni za ujenzi ni habari nyingine: msingi utabeba? Moto ukizuka watu watatoka? Maji taka yataenda wapi? Kutohitaji planning hakukuondolei kanuni hizi. Hata ukibomoa tu ukuta unaobeba ghorofa ili jiko liungane na sebule, zinakuhusu. Uskoti ina utaratibu wake, na huko lazima kibali cha ujenzi (building warrant) kiwe mkononi kabla ya kuanza kazi.

Maombi hupelekwa Building Control, kitengo cha halmashauri kinachosimamia kanuni za ujenzi, au kwa mkaguzi binafsi aliyesajiliwa. Halmashauri ina njia mbili. Ya kwanza, full plans: unapeleka michoro kamili na hesabu za mhandisi, nao wanakujibu ndani ya wiki 5, au muda mrefu zaidi mkikubaliana. Ya pili, building notice: unatoa taarifa, na baada ya siku 2 unaweza kuanza bila michoro yako kuidhinishwa na yeyote. Fundi atapendelea ya pili kwa sababu ni ya haraka. Mimi nakusihi uchague ya kwanza. Kosa kwenye karatasi hufutwa. Zege likishamwagwa, gharama ya kubomoa ni yako. Tena ya pili hairuhusiwi ukijenga juu au karibu na bomba la umma la maji taka. Katika nyumba za zamani zilizopangana, bomba hilo mara nyingi hupita nyuma, pale pale unapotaka jiko. Likiwa ndani ya mita 3, tafuta kwanza ridhaa ya kampuni ya maji.

Sasa ukaguzi, maana hapa ndipo vyeti vingi hupotea. Kila kitakachofunikwa kionwe kwanza: shimo la msingi kabla ya zege, mabomba kabla ya kufukiwa, boriti ya chuma kabla ya kufunikwa, vizuia baridi kabla ya jipsamu. Usimwachie fundi jukumu la kumwita mkaguzi. Piga simu mwenyewe, andika alichosema, piga picha futi kamba ikiwa imelazwa mahali pake. Tenga pia akiba: London ina udongo mwingi wa mfinyanzi, na kukiwa na mti mkubwa karibu, mkaguzi anaweza kuagiza msingi uchimbwe chini zaidi ya mchoro.

Gesi isiguswe na mtu asiye kwenye Gas Safe, sajili ya mafundi wa gesi, hata awe ndugu wa damu. Binamu anayejua umeme vizuri lakini hajasajiliwa hawezi kujithibitishia kazi mpya ya nyaya. Building Control lazima wajulishwe kabla hajaanza.

Kwenye mkataba, andikeni kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatoka cheti kikishatolewa. Sheria inakubana wewe mwenye nyumba pia, na tangu Oktoba 2023 halmashauri inaweza kuamuru kazi mbovu ibomolewe au irekebishwe hadi miaka 10 baada ya kukamilika. Zamani ilikuwa mwaka 1.

Kama ulishajenga bila cheti, kazi yoyote iliyofanywa tangu 11 Novemba 1985 inaweza kuombewa cheti cha kuhalalisha, ingawa huenda ukaambiwa ufungue ukuta au sakafu ili mkaguzi aone ndani. Wauzaji wengine hununua bima ya kukosa cheti badala yake. Kwa hiyo ongea na wakili kabla ya kuipigia halmashauri, kwa sababu bima hizo kwa kawaida hazipatikani tena halmashauri ikishajulishwa. Na bima kwa kawaida humlinda mnunuzi dhidi ya hasara itokanayo na amri ya halmashauri tu. Kama boriti iliyo juu ya vichwa vya watoto wako inakutia wasiwasi, mwite mhandisi aitazame.