Chama kinachoinua mtaa: hesabu, wadhamini na tarehe za kaunti

Kawangware au Mukuru, mitaa ya Nairobi, unaweza kukuta chama, yaani kikundi cha kuchangishana pesa, karibu kila ploti na mtaro bado umeziba mwaka nenda mwaka rudi. Pesa zinazunguka kati ya watu walewale, zinaishia kwenye karo na matanga. Ukitaka ziguse biashara za mtaa, anza na nani anaketi mkutanoni.

Watu 15 wanatosha. Chini ya 10 hamwezi kusajiliwa kama kikundi cha jamii kwa sheria ya 2022. Wakizidi sana hawajuani, na faini hazilipiki. Msijazane watu wa nyumbani peke yenu. Kundi la kijiji kimoja ni imara wakati wa msiba, lakini haliwaletei mteja mpya wala habari ngeni. Changanyeni mama mboga, fundi wa cherehani, mtu wa bodaboda, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hata mpangaji aliyehamia juzi. Sharti ni moja: wanachama wawili wawe wanajua anapolala na anapofanyia kazi.

Tuseme kila mtu anatoa shilingi 300 kwa wiki: 200 za mzunguko, anazopokea mtu mmoja kila wiki kwa zamu, na 100 za hisa, yaani akiba yake ya kukopeshana. Anayepokea anaondoka na 3,000. Baada ya wiki 15 wote wamepokea, na mfuko wa hisa una 22,500. Mkikopeshana hadi mara tatu ya hisa, kila mtu ana haki ya 4,500, na watano wakikopa siku moja mfuko umekauka. Wekeni robo kando kwa dharura na isiguswe.

Mzunguko wa kwanza ndio huvunja vyama. Aliyepokea wiki ya pili hana tena sababu ya kurudi, ila aibu, na Nairobi mtu huhama usiku mmoja na aibu yake. Kwa hiyo mgeni asiingie kwenye kura ya nafasi tano za kwanza, na kila anayepokea mapema awe na wadhamini wawili ambao hawajapokea. Mdhamini aliyekwisha kupokea hana cha kupoteza. Dhamana yake ni maneno tu.

Pesa zihesabiwe mezani mbele ya wote, na anayehesabu asiwe anayeandika. Katibu asome salio la wiki iliyopita kabla ya kupokea mchango wa leo. Mkitumia M-Pesa, msitumie laini binafsi ya mhazina, na msikubali picha ya ujumbe kama ushahidi, maana inaghushika kirahisi. Angalieni taarifa ya akaunti. Kuchelewa ni faini ya 50, papo hapo, na mwenyekiti ndiye wa kwanza kutosamehewa.

Mzunguko mmoja ukiisha salama, tokeni nje. Wauza nyanya wanne hawana haja ya kwenda soko la Marikiti kila mmoja na nauli yake: watume wawili, mmoja anunue, mwingine ashuhudie bei, kisha wagawane gharama ya kreti na usafiri. Ugomvi hutokea kwenye nyanya zilizopondeka chini ya kreti. Gawanyeni kwa ndoo kabla mtu hajaanza kuchagua.

Italia ilipounda serikali za mikoa mwaka 1970 kwa muundo unaofanana, watafiti waliona zile za maeneo yenye mazoea ya zamani ya ushirika zikifanya kazi vizuri zaidi. Huku kwetu mazoea hayo hupimwa na kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Anayekuja kulalamika Mei amekuta sufuria imeshaoshwa. Unganeni vyama vinne au vitano vya wadi moja na muandike ombi la ukurasa mmoja: mtaro upi, kutoka wapi hadi wapi, mita ngapi, maduka mangapi hufungwa mvua ikinyesha. Pelekeni nakala mbili kwa kaunti, na ile mnayobaki nayo igongwe mhuri.

Wiki mbili baadaye tumeni wanachama wawili wasio viongozi wakaulize limefika wapi. Mwenyekiti akienda peke yake kila mara, ombi la mtaa hugeuka ombi lake.