Somo: Namna ya kukagua nyayo, viganja na kucha ili kuitambua mapema melanoma

Ndugu wanachama, swali la doa jeusi unyayoni limeulizwa mno, kwa hiyo anayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Melanoma ni saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi. Ile ya nyayo, viganja na kucha haisababishwi na jua, na ndiyo aina ya melanoma inayoonekana zaidi kwa watu weusi. Ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.

1. Osha mikono na miguu, kisha kaa penye mwanga wa mchana.

2. Ondoa rangi ya kucha. Hina na piko zisubiri ziishe.

3. Kagua nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama aangaliwe na mtu wa nyumbani.

4. Kagua kucha. Michirizi ya kahawia katika kucha kadhaa ni jambo la kawaida kwetu. Cha kutiliwa shaka ni mstari mweusi katika ukucha mmoja, hasa wa kidole gumba, unaozidi milimita 3, unaoendelea kupanuka, au ambao weusi wake umevuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Damu iliyovilia baada ya kujikwaa husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Melanoma haisogei hivyo. Tafadhali, usikwangue kwa wembe wala usipake dawa ya kuunguza, kwa sababu utaivuruga sura ya doa ambayo daktari anaitegemea, huku uvimbe ukiendelea kuzama ndani.

5. Ukiwa na shaka, nenda hospitali ukaulize kuhusu kukatwa kinyama cha kupimwa maabara.

Swali: Nina alama mguuni, ni saratani?

Jibu: Hukusema iko wapi, ina muda gani wala imebadilikaje. Soma hatua ya 3 na ya 4.

Swali (Mpwapwa): Baba ana kidonda kisiginoni kisichopona, lakini hakina weusi wowote. Je, tusubiri?

Jibu: Ahsante kwa kueleza vizuri. Msisubiri, kwani zipo melanoma zisizo na rangi, zinazofanana na kidonda au nyama iliyoota, na kidonda cha miaka mingi nacho huweza kugeuka saratani ya aina nyingine. Mpelekeni mzee Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Dodoma, na apimwe pia sukari, maana kisukari huleta vidonda vya namna hiyo.

Swali: Na vinundu vya zambarau miguuni?

Jibu: Huenda ikawa saratani ya Kaposi, ambayo huwapata zaidi wenye VVU. Nenda ukachunguzwe, na upime VVU siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kufubaza virusi ni sehemu ya tiba yake.